Volteji Ikishuka, Nguvu Hushuka Zaidi
Kanuni iliyochapishwa na Georg Simon Ohm wa Ujerumani mwaka 1827, kwamba ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia mkondo wa umeme, hupatikana kwa kugawa volteji kwa mkondo, inajulikana vyema, lakini hesabu ya nguvu inastahili nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Pasi inayotumia ampia 5 kwenye volti 230 ina ukinzani wa omu 46, na nguvu yake, yaani kasi ya kutumia nishati, ambayo ni zao la volteji na mkondo, ni wati 1,150. Volteji ikishuka hadi 184, ambayo ni asilimia 80 ya ile ya awali, hudhaniwa kuwa nguvu nayo itabaki asilimia 80. Ilhali ukinzani wa waya wa pasi haubadiliki sana, hivyo mkondo hupungua hadi ampia 4 na nguvu hubaki wati 736 tu, sawa na asilimia 64, ndiyo maana pasi huchelewa mno kupata moto umeme unapokuwa hafifu. Balbu ya waya wa tungsteni ni jambo jingine kabisa, na ni kosa kubwa kuikokotolea nguvu kwa ukinzani uliopimwa ikiwa imezimwa: ile ya wati 60 huwa na omu zipatazo 880 inapowaka, lakini ikiwa baridi ukinzani huo hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi.