Meno ya Bandia: Ya Kompyuta au ya Plasta?

Msimu wa korosho ukifika na fedha zikaonekana, watu wa Mikindani na vijiji vya jirani hutujia sisi wauguzi kuuliza habari za meno ya bandia. Siku hizi wameongeza swali: je, ni kweli yapo yanayotengenezwa kwa kompyuta, na je, hayo ndiyo bora?

Yapo, wala wazo lenyewe si la jana. Mfaransa François Duret aliandika juu ya kupima meno kwa mwanga mwaka 1973. Hapa tunazungumzia meno ya kuvaa na kuvua, ya mtu aliyebakiwa na baadhi ya meno yake. Kwa njia ya zamani daktari huweka kinywani uji mzito unaoganda, akapata chapa, akamwagia plasta, na fundi wa maabara akayaunda meno kwa nta kabla ya kuyageuza kuwa plastiki au chuma. Kwa njia mpya kamera ndogo hupitishwa kinywani, meno huchorwa kwenye kompyuta, na mtambo huyachonga au huyajenga tabaka juu ya tabaka.

Anayetapika kwa ule uji hapo hupata nafuu. Picha pia huhifadhiwa, na kwa mtu anayesafiri kwa nauli yake, safari moja ikipungua si jambo dogo. Lakini aliyeng'olewa magego yote ya nyuma, chapa ya mkono bado ina nguvu: ufizi mtupu hubonyea mtu akitafuna, na kamera haiubonyezi. Basi hatuoni sababu ya kukaa na pengo miaka mingi ukingoja kompyuta.

Kinachotuhangaisha sisi ni kingine. Meno mengi ya kuvua hapa nchini ni ya plastiki iitwayo akriliki, pengine jino moja tu kwenye kibao kidogo. Kibao kikilegea au kikivunjika, mtu anaweza kukimeza usingizini, akiwa amelewa, au kifafa kikimshika. Kinaweza kukwama na kutoboa njia ya chakula, na akriliki kwa kawaida haionekani kwenye eksirei. Mgonjwa anasema koo linamuuma, picha haionyeshi kitu, anarudishwa nyumbani. Hatari hiyo kompyuta haiiondoi.

Kwa hiyo yavue kila usiku. Yasugue kwa mswaki na sabuni, yalaze katika maji safi yasiyo ya moto. Ukiingia chumba cha upasuaji, mwambie muuguzi kwamba unayo, hata kama mkeo hajui, tutakusikiliza faraghani. Yakianza kucheza, rudi kwa daktari wa meno, usiyabandike kwa gundi ya dukani. Na ukiamka asubuhi huyaoni, na kumeza mate kunauma, njoo hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza utakalosema liwe hilo la meno.