Bibi, Filamu Mbili na Mimi Mkalimani

Likizo hii nimeangalia filamu mbili na bibi, kwenye laptopu yangu yenye betri ya kubahatisha.

Ya kwanza ni The First Grader ya mwaka 2010, kisa cha kweli cha mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Kisa kitamu, ila mazungumzo mengi ni Kiingereza. Kila mara bibi: "Amesemaje huyo?" Nikatafsiri mpaka nikachoka, nikaanza kulipua: "Amekasirika tu, bibi." Mwisho akawa ananitazama mimi usoni, ajue kama hapo ni pa kucheka au pa kuhuzunika.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, kwa Kiswahili. Hapo mkalimani nikakosa kazi. Bibi alicheka kabla yangu, akamtetea Yasmin kwa kumkimbia mume, tena akanifafanulia maneno nisiyoyajua.

Jamani, hili si la filamu tu. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, kidato cha kwanza walinikodolea macho vilevile nikimwaga Kiingereza. Nikasema moyoni, hawa wazito. Kumbe sura ile ndiyo ya bibi, na bibi yangu si mzito hata kidogo.

Basi wenzangu wa ualimu, kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba "hawaelewi", jiulize: somo ndilo gumu, au wamekosa wa kuwatafsiria?