Kilabu cha mbege hakifungwi kimyakimya

Makamanda, wanataka kufunga kilabu chetu cha mbege. Eti uchafu! Hivi uchafu huo umeanza jana? Kila mama anayeleta pipa lake pale analipishwa ushuru, miaka nenda rudi, na choo hakuna, bomba hakuna. Waliokula ushuru ndio leo wanaziba pua.

Mimi nakunywa pale. Kwa bei ya bia moja ya baa, wazee watatu wanapata kata na chenji inabaki. Na tusidanganyane, mbege si kile kiroba kilichopigwa marufuku 2017. Ni ndizi na ulezi, na ndiyo ada ya mtoto hiyo. Akina mama wanapika kwa zamu. Ukifunga, umezima majiko ya watu.

Tunasikia zinakuja fremu za maduka. Sawa, ila ardhi ile ni ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano huo ni sisi, kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea. Nani kaitwa?

Jumatatu saa tatu asubuhi tunakwenda kwa mtendaji. Tunataka mkutano uitishwe, na daftari la ushuru lisomwe hadharani. Njoo na mama yako.