Neno la Mhariri: Tusiijue Koltani kwa Bei Tu

Hapa Gisenyi, hatua chache kutoka Goma, hakuna asiyelijua jina la koltani. Tunaijua bei yake, njia inazopita na damu iliyomwagika kwa ajili yake. Tusichokizungumza ni kazi ya metali zilizomo. Tantali huingia kwenye simu. Niobi, ambayo imo pia katika miamba ya Lueshe huko Rutshuru, ikipozwa hadi nyuzi 264 za Selsiasi chini ya sifuri huwa supakondakta: ukinzani wake hutoweka. Sumaku za mashine za MRI hospitalini hutegemea nyaya za niobi na titani.

Toleo hili lina swali moja: supakondakta ikiwa utepe mwembamba, mkondo wa umeme hupita wapi, na uga wa sumaku hukaa wapi?

Mwaka 1962 mwanafizikia Charles Bean alieleza hali ya kipande kinene cha supakondakta. Uga huingia kutoka nje, mkondo hufikia ukomo wake pale uga ulipopenya, na kiini hubaki bila uga wala mkondo. Utepe haufuati mpango huo. Uga ukiupiga wima kwenye bapa lake, hujikusanya kingoni na kuanza kupenya hapo. Katikati uga haufiki, lakini mkondo upo hata huko, ila chini ya ukomo. Brandt na Indenbom mwaka 1993, kisha Zeldov, Clem na wenzao mwaka 1994, walitoa hesabu kamili ya jambo hili. Hesabu za aina hiyo ndizo humwonyesha mhandisi utepe utapoteza nishati kiasi gani mkondo geu ukipita ndani yake.

Kuifuata hesabu hiyo hakuhitaji maabara yenye heliamu ya kupozea. Kunahitaji kalamu, kalkulasi, kompyuta ya kawaida na mwalimu mvumilivu. Kigali ina taasisi ya EAIFR, ya utafiti wa fizikia ya msingi, tangu 2018. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Hatuna tena sababu ya kuiona elimu hii kuwa ya wengine, maana auzaye asichokijua hupangiwa bei na akijuaye.

Walimu na wanafunzi wa Rubavu, Goma na Bukavu, zisomeni kurasa hizi, zirudieni hesabu zake, na mnapoona kosa tuandikieni.