Joto la Sanduku na Joto la Jua

Ukitoka mjini Meru ukashika njia ya Maua, utapita Kianjai, katika nchi ya Watigania, upande wa vilima vya Nyambene. Huko, kama kwingineko katika bara ya Kenya, wapo vijana waamkao alfajiri kukimbia, wakitumai kuwa miguu itawatoa katika dhiki. Sauna ya infraredi hawana, lakini simu wanazo. Na ndani ya simu humwona mwanariadha wa Ulaya au Marekani amekaa katika kijumba cha mbao, jasho lamtiririka, na chini pameandikwa kuwa hiyo ndiyo siri ya kuondoa uchovu na kushinda. Kijana akiyaona hayo huweza kudhani kuwa yeye ameachwa nyuma kwa kukosa sanduku.

Msomaji wa pwani atauliza, sisi na Kianjai wapi na wapi? Jawabu ni kuwa habari ya joto na mwili si ngeni kwetu, na tunayo haki ya kuisema. Mzazi wetu akishajifungua hukandwa kwa maji ya moto mpaka viungo vitulie. Mwenye mafua hufunikwa shuka akafukizwa kwa chungu cha majani. Na huko Unguja, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijengesha hamamu ya Kiajemi ambayo watu wa mji waliingia kwa malipo. Mtaa ule waitwa Hamamni hata leo. Basi wakunga wetu walijua zamani kuwa mwili uliotoka katika kazi nzito hufarijiwa na joto.

Sanduku lenyewe ni nini? Infraredi ni miale ya joto isiyoonekana kwa jicho. Mwaka 1800 William Herschel alipasua mwangaza wa jua ukawa rangi mbalimbali, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu, akakuta joto limezidi. Ndiyo miale ile ile ikupashayo mikono ukiikinga mbele ya jiko la makaa. Sauna ya Kifini hupasha hewa mpaka digrii 80 hata 100. Hii ya infraredi hutosheka na 45 hata 60 hivi, kwani miale yake huupasha mwili moja kwa moja.

Je, yafaa? Yafaa kidogo, na kidogo hicho tusikikatae. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2023 huko Ufini, wachezaji 16 wa mpira wa kikapu waliingizwa humo kwa dakika 20 baada ya kunyanyua vyuma, na baadaye maumivu ya misuli yao yalikuwa mepesi zaidi na nguvu za kuruka hazikupungua sana. Mwaka 2007, huko New Zealand, wakimbiaji sita walioingia sauna ya kawaida baada ya mazoezi kwa wiki tatu waliongezeka maji ya damu kwa kadiri ya asilimia 7, na mbio zao zikasogea kwa kadiri ya asilimia 2. Lakini watu 16 ni wachache, na sita ni wachache zaidi. Ama hayo ya kuwa jasho hutoa sumu mwilini, ni maneno ya wauzaji. Jasho ni maji na chumvi. Kusafisha sumu ni kazi ya ini na figo. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa tutenganishe mambo mawili. Kupumzisha misuli ni jambo moja, na kuuzoesha mwili joto ni jambo jingine. Kwa la kwanza, kijana wa Kianjai ana maji ya moto, mkono wa kumkanda, usingizi na chakula cha kutosha, na hivi viwili vya mwisho vyalishinda sanduku lolote. Kwa la pili, dawa ya moto ni moto, na moto huo uko huku kwetu.

Wengi tunakumbuka tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanywa Mombasa kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, aliacha njiani. Ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Aliyemwangusha bingwa yule ni jua letu na unyevu wa bahari yetu. Tena huko Doha, mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianzishwa usiku wa manane kwa kukimbia joto, na hata hivyo kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 40 tu ndio waliomaliza.

Mwili hujifunza joto kwa siku 10 hata 14: jasho huanza mapema, chumvi hupotea kidogo, na moyo hupunguza haraka yake. Basi rai yangu ni hii. Wenye kushika fedha za michezo, kule Meru na huku pwani, waache kutamani masanduku. Wapatane, vijana wa bara waletwe pwani wiki mbili kabla ya kwenda kushindana katika nchi za joto, wafanye mazoezi asubuhi na jioni chini ya kocha, maji yakiwa karibu. Nasi tuwapokee kama wageni wetu.

Na mwenye uwezo wa kuingia sauna na aingie, lakini kwa kipimo. Anywe maji kabla na baada, atoke akiona kizunguzungu. Mwenye maradhi ya moyo na mwenye mimba waulize daktari kwanza. Aliyefunga asijitie humo mchana akaja kuzimia, kwani dini yetu imetufunza kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Fedha ya kwanza ya Kianjai iende katika uwanja, kocha na sahani ya chakula. Zikibaki, ndipo lizungumzwe sanduku.