Si Kila 'Help' ni Kusaidia

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye siku ya wazazi katika shule moja ya upili. Hotuba zilipokwisha, mwenyeji wetu aliinuka, akaelekeza mkono kwenye meza iliyosheheni pilau na kuku, kisha akatamka kwa bashasha: "Wageni waheshimiwa, karibuni mjisaidie." Mzee mmoja mzawa wa Mombasa aliyeketi kando yangu aliinamisha kichwa, akaninong'oneza: "Mwalimu, papa hapa mezani?"

Mwenyeji yule hakukosa adabu. Kichwani mwake alikuwa na 'help yourselves' ya Kiingereza, akaamini kwamba 'help' ni kusaidia popote ionekanapo. Alisahau kwamba kitenzi 'saidia', tulichokipokea kutoka Kiarabu, kikiambatishwa -ji- huwa tasfida ya kwenda haja. "Karibuni mjipakulie" ingalitosha.

Kosa hili lina ndugu zake. Mwanafunzi humwambia mwenzake, "Nisaidie na kalamu," ilhali Kiswahili kina 'niazime' kwa kitu kitakachorejeshwa, na 'nipe' kwa kisichorejeshwa. Mwingine huandika katika insha, "Sikuweza kujisaidia, nikacheka." Maskini! Alikusudia kusema kwamba hakuweza kujizuia.

Haya hutuchekesha, kisha yakapita. Liko moja lisilochekesha hata kidogo. Aghalabu husoma magazetini kwamba mshukiwa fulani "anasaidia polisi katika uchunguzi." Msemo huu umenakiliwa neno kwa neno kutoka magazeti ya Uingereza, ambako wasomaji wameuzoea na hujua kilichofichwa ndani yake. Katika Kiswahili, anayesaidia hufanya hivyo kwa hiari, na akichoka huaga akaenda zake. Je, aliyefungiwa seli anaweza kuaga?

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba aliyekamatwa aelezwe upesi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Tena afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama. Haki hizi amepewa aliyekamatwa. Mama asomaye kwamba mwanawe "anasaidia polisi" atamwekea chakula cha jioni. Hatatafuta wakili, wala hatahesabu saa. Tasfida ya kujisaidia humsitiri mtu aibu. Hii ya kusaidia polisi humficha mtu mwenyewe.

Nawasihi walimu wenzangu wasiwakaririshe wanafunzi kwamba 'help' ni kusaidia, basi. Kila wanapokutana na neno hilo, wawafunze kuuliza: Ni nani anayemtendea nani, jambo gani, na kwa hiari ya nani? Jibu litawapa kitenzi kinachofaa, kiwe ni kupakua, kuazima, kujizuia au kuzuiliwa. Wahariri nao wafanye vivyo hivyo. Ikiwa mtu amejipeleka kituoni kutoa habari, waandike kwamba anasaidia polisi. Ikiwa mlango umefungwa kwa nje, waandike kwamba amezuiliwa.