Utafiti wa Kisumu: anayelipa ndiye anayeuliza swali

Binamu yangu alikuwa na kazi ambayo dani wetu hakuwahi kuielewa. Kila asubuhi alivaa jaketi lenye nembo, akatia tableti kwenye begi, akapanda boda na kwenda kubisha milango vijijini. Nani amezaliwa? Nani amehama? Nani amefariki, na alianza kuugua lini? Dani alikuwa anamuuliza, "Nyakwara, wanakulipa kuhesabu watu? Kwani chifu hawajui?"

Mwanzoni mwa 2025 ujumbe uliingia kwenye simu yake: usije kazini hadi utakapoambiwa. Hakuambiwa kitu tena. Tableti ilirudishwa, jaketi likabaki limening'inia ukutani, na sasa binamu anauza kava za simu karibu na steji ya Kondele.

Nimeanza na yeye kwa sababu pale kijiweni mjadala huu umekuwa ukirudi kila mara. Msee mmoja anasema utafiti wa sayansi ni kazi ya serikali, kodi yetu ilipe. Mwingine anacheka: serikali gani, hii iliyoshindwa na mitaro ya Nyalenda? Waachie kampuni na matajiri wenye wakfu, hao wanajua kutumia doo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya kuwatishia nayo. Lakini naona pande zote mbili zinaruka kitu kimoja. Huku kando ya ziwa, tukisema "pesa ya umma", kwa miaka mingi tumekuwa tukimaanisha umma wa watu wengine.

Panda matatu ya Busia. Kabla hujafika Maseno utapita Kisian, na hapo ndipo kilipo kituo kikubwa cha KEMRI cha ukanda huu. KEMRI ni taasisi ya serikali ya Kenya, iliundwa 1979. Tangu mwaka huo huo imekuwa ikifanya kazi na CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa. Bango la getini ni letu. Sehemu kubwa ya utafiti uliotoka huku ililipwa na kodi ya mtu wa Ohio au Texas.

Na matokeo si madogo. Miaka ya 1990, vijiji vya Asembo na Gem kule Siaya viligawiwa vyandarua vilivyotiwa dawa, vijiji vingine vikapata baadaye, ili ijulikane kama kweli vinaokoa watoto. Viliokoa. Ushahidi huo ni sehemu ya sababu wewe leo unalala chini ya neti. Aliyelipa ni USAID. Kisha 2002, hapa hapa Kisumu, vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walianza kuandikishwa kwenye utafiti wa kuona kama tohara inapunguza maambukizi ya HIV. Desemba 2006 ulisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeshajitokeza: hatari ilipungua kwa zaidi ya nusu. Waliolipa ni taasisi za afya za serikali za Marekani na Kanada. Miaka miwili baadaye Kenya ikaanzisha kampeni ya tohara Nyanza, na dunia ikafuata.

Kwa hivyo yule msee anayesema pesa ya umma hufanya kazi yuko sawa. Hakuna kampuni ingelipia utafiti wa tohara. Ungemuuzia nani nini?

Sasa tuje kwa kampuni, na tusiwasingizie. Chanjo ya kwanza ya malaria duniani, RTS,S, iliundwa 1987 kwenye maabara za kampuni inayoitwa leo GSK. Watoto wa Siaya na Kombewa walikuwa kati ya 15,460 walioshiriki majaribio makubwa katika nchi saba za Afrika kuanzia 2009 hadi 2014. Septemba 2019 ikazinduliwa Kenya, pale Ndhiwa, Homa Bay. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi. Piga hesabu: kutoka 1987 hadi 2021 ni miaka 34. Mtoto aliyezaliwa Kombewa mwaka ilipobuniwa angekuwa mzazi, labda hata amezika mtoto wa malaria, kabla ya chanjo kukubaliwa.

Mbona ikachukua muda hivyo? Sehemu ya jibu ni sayansi yenyewe. Kimelea cha malaria ni kijanja, hujibadilisha. Lakini sehemu nyingine ni soko. Malaria ni ugonjwa wa watu wasio na pesa. Utafiti wa nchi nzima wa 2020 ulikuta asilimia 6 ya watoto waliopimwa Kenya wana vimelea, lakini ukanda wa ziwa ilikuwa asilimia 19. Wagonjwa wako, wa kulipa hawako. GSK haikuweza kuisukuma peke yake. Ilibidi mamilioni ya dola yatoke wakfu wa Bill na Melinda Gates kupitia shirika la PATH, na jeshi la Marekani, lenye kituo chake cha utafiti Kombewa, likashiriki kwa sababu wanajeshi wao huugua malaria wakitumwa nchi za joto. Kampuni ilileta ujuzi. Mtu mwingine alilazimika kulipia kuwajali watoto wetu.

Mfano wa pili uko ng'ambo ya ghuba, Mbita. Pale kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, na kituo hicho kina jina lake. Wanasayansi wa pale na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walikuja na mbinu ya sukuma-vuta. Katikati ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake inafukuza nondo wanaozaa funza wa mabua. Pembeni ya shamba unazungusha nyasi ya nepia, ambayo inawavuta nondo hao huko. Juu ya hayo, desmodiamu inazima kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi hadi yanakauka. Na ng'ombe anakula vyote viwili.

Fikiria sasa wewe ni meneja wa kampuni ya dawa za mashamba. Unaletewa mbinu ambayo mkulima akipanda mara moja, nyasi inabaki miaka, na dawa ya kunyunyiza hanunui tena. Utailipia? Aliyelipa mwanzoni, miaka ya 1990, ni wakfu wa Gatsby, pesa za familia ya Sainsbury ya Uingereza, wale wa supamaketi. Hiyo ni pesa binafsi, lakini haikuwa ikisubiri faida. Kwa hivyo tusichanganye kampuni na wakfu. Kampuni inauliza: hiki kitauzwa? Wakfu unauliza: hiki kitasaidia? Na mwenye kuamua maana ya "kusaidia" ni tajiri na bodi yake.

Hapo ndipo mimi hushtuka. Manyatta, mtaa unaoujua, ni moja ya sehemu za utafiti unaoitwa CHAMPS, ambao wakfu wa Gates unalipia katika nchi kadhaa za Afrika na Asia. Unatafuta kitu kimoja: watoto wa chini ya miaka mitano wanakufa kwa nini hasa? Mzazi akipoteza mtoto, wakati bado machozi hayajakauka, anaombwa aruhusu sampuli ndogo zichukuliwe kwa sindano ili chanzo kijulikane. Ni kazi nzito na ya maana, na mzazi anayekubali ametoa kitu ambacho hakuna cheki inaweza kulipa.

Lakini soma tena hilo swali. Watoto wa Manyatta wanakufa kwa nini? Kuna swali gani lingine ambalo serikali inapaswa kuliuliza yenyewe, kwa pesa yake yenyewe, kila mwaka, bila kusubiri mtu wa Seattle? Bodi ya Gates ikiamua kesho kuhamia swali lingine, mama wa Manyatta hana pa kuipigia kura ya kuipinga. Na hawatakuwa wametukosea. Ni pesa zao.

Pesa ya serikali ya nje nayo tumeiona. Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye maagizo ya kuacha kazi yakaanza kumiminika. Kufikia Julai 1 mwaka huo, USAID iliyolipia vile vyandarua vya Asembo haikuwa tena ikitoa misaada. Wapiga kura wa Marekani walichagua, na hiyo ni haki yao. Kilichonichoma ni kwamba kura iliyopigwa Pennsylvania iliamua kama binamu yangu ataamka kwenda kuhesabu wafu wa Siaya.

Na hii kazi ya kuhesabu si ya kuchezewa. Mnakumbuka 2020 ziwa lilipofura, Dunga ikaingia maji? Tulijua kiwango kile si cha kawaida kwa sababu kuna watu walikuwa wakipima kina cha ziwa tangu enzi za mkoloni. Ukiruka mwaka mmoja bila kupima, huwezi kurudi nyuma kuupima. Vivyo hivyo na vifo na uzazi. Mradi ukifufuliwa baada ya miaka mitatu, lile pengo litabaki pengo.

Sasa, sheria yetu inasema nini? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na ikaandika kwamba Serikali itaipa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Pato letu la 2024 lilikuwa kama shilingi trilioni 16. Asilimia 2 ni zaidi ya bilioni 320. Kwa kulinganisha, kaunti zote 47 zilitengewa bilioni 387 kugawana mwaka wa fedha wa 2024/25. Hatujawahi hata kukaribia. Takwimu za UNESCO za 2010 zilionyesha Kenya nzima, ukijumlisha kila mtu, ilitumia asilimia 0.79 ya pato lake kwa utafiti, na karibu nusu ya hiyo ilitoka nje. Serikali ilitoa kama robo. Kampuni zilitoa chini ya asilimia 5. Kwa hivyo hata yule msee anayetaka waachiwe watu binafsi anaongea kuhusu watu ambao, kwa sayansi, hawajaonekana mezani.

Najua mtakachosema. "Hizo pesa zitaliwa." Nimekuwepo 2020, niliona sakata ya KEMSA na pesa za Covid kama nyinyi. Lakini mfadhili wa nje pia anajua pesa huliwa. Anachofanya ni kudai hesabu, risiti kwa risiti, na ripoti kabla ya awamu inayofuata. Sisi tunaolipa kodi kila tukinunua bando hatudai. Wizi ni sababu ya kudai hesabu, si sababu ya kumwachia mgeni swali letu.

Sidai bilioni 320 kesho. Nadai tuanze na kile ambacho hakuna mtu mwingine anapaswa kukibeba: kuhesabu waliozaliwa na waliokufa, kujua wamekufa kwa nini, na kulipa vijana wanaoifanya kazi hiyo. Huo uwe mfupa wetu. Kampuni zije na dawa zao, wakfu zije na maswali yao, Wamarekani wakirudi karibu. Watakuta nyumba ina mwenyewe. Afrika Kusini walipopigwa na makato hayo hayo ya 2025, hazina yao ilitoa randi milioni 400 kwa utafiti wa afya, na wakfu wa Gates na Wellcome wakaongeza milioni 100 kila mmoja. Ona nani alitangulia kwa ukubwa.

Juni 2024 kizazi hiki kilisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kikautafsiri, kikausambaza kwa simu, na ukaondolewa. Tulisoma upande wa kodi. Upande wa matumizi uko pale pale kwenye bajeti, na mstari wa utafiti hauchukui dakika tano kuutafuta. Mbunge wako akija kwenye mazishi Jumamosi, muulize yeye anaujua ni kiasi gani.

Wiki jana nilikuwa nyumbani na dani akauliza, "Sasa yule wa kuhesabu watu ni nani?" Nikamwambia hakuna. Akanyamaza kidogo, akaendelea kupepeta mtama. Kisha akasema amefiwa na jirani wawili tangu Pasaka na hakuna mtu amekuja kuuliza walikuwa wanaumwa nini.

2027 watakuja kwake na fulana na pakiti ya unga. Swali lake ameshaliandaa.